Blanketi la Mama wa Chai

Chai ya saa nne ilikuwa na utaratibu wake, na Roda aliujua kwa mikono. Alichochea moto katika kijumba cha mabati nyuma ya Ofisi ya Visima, kuni za mkaratusi zikimliza kwa moshi, kisha akateleka sufuria mbili. Moja ilikuwa ya makarani, na humo maji, maziwa, majani na sukari vilichemka pamoja mpaka vikawa kitu kimoja. Nyingine ilikuwa ya mkubwa, ya maji matupu. Chai ya mkubwa haikuchanganywa. Majani yalikaa kwenye birika lake, maziwa kwenye kijagi chake, sukari kwenye bakuli lenye kifuniko, na vyote vikapangwa juu ya sinia la bati lenye picha ya Malkia aliyefutika pua.

Utaratibu huo aliuacha Mzungu aliyekuwa mkubwa wa hapo, ambaye watu walimwita Bwana Stokingi kwa ajili ya soksi zake za kufika magotini. Alikuwa mtu mkali. Kila jioni alisimama mlangoni akamfungua Roda kikapu, kutazama kama kuna sukari ya serikali. Hakuwahi kuipata, na hakuchoka kuitafuta. Bendera ilipobadilishwa aliondoka na mbwa wake, akaacha kengele ya mezani, ile ya kubonyeza kwa kiganja. Ikilia mara moja ilikuwa inamwita karani, ikilia mara mbili ilikuwa inaita chai.

Aliyeletwa kukalia kiti chake alikuwa Bwana Cornelius, kijana wa huku huku, msomi, mpole, mwenye suti ya kijivu na sauti isiyopanda hata siku moja. Makarani walifurahi sana. Hatimaye mtu wao, anayejua ugali wao na matanga yao, amepewa ofisi. Wengine walikimbilia jikoni moja kwa moja, kwa sababu Bwana Cornelius alikuwa amemwoa Selpher, binti wa pekee wa Roda. Alimwoa alipokuwa angali akifanya kazi Nairobi, na hakuna aliyewaza kwamba serikali ingemrudisha Kakamega, tena katika ofisi ambamo mama wa mkewe ndiye mchemsha chai.

"Mama Selpher, sasa hii ofisi ni yako," alisema Phineas, karani mkuu, akiwa ameegemea mlango wa jiko na kikombe mkononi. "Mkwe ndio mkubwa. Ukianza kukula, usisahau sisi."

Roda hakucheka. "Karani, wewe si mgeni kwa hii mambo," alisema. "Nitampelekea chai namna gani?"

Phineas aliacha kutabasamu. Naye alikuwa ameoa, na alikuwa na mama mkwe.

Kwao Roda, mkwe na mama wa mkewe hawaonani. Si kwa chuki, ni kwa heshima nzito mno ambayo macho hayaiwezi. Wakikaribiana njiani, mmoja huingia kwenye mahindi mpaka mwenzake apite. Hawapeani mikono. Hawali chumba kimoja. Mama haingii nyumba ya mkwe wake, na mtoto wa kwanza hapelekwi kwa bibi yake huyo. Anayevunja mwiko hutetemeka mikono mpaka ashindwe kushika kijiko. Njia ya kuufungua ni nyepesi: mkwe huja kwa miguu yake mwenyewe na blanketi jipya, humfunika mama mkwe mabegani mbele ya wazee, na tangu siku hiyo wanaweza kusalimiana na kutazamana kama watu. Bwana Cornelius alikuwa hajaleta blanketi. Harusi ilikuwa ya haraka, Nairobi ilikuwa inamngoja, na wazee walikubali kwamba blanketi lingefuata.

Phineas aliona haya kwa niaba ya watu wote wawili. Alivaa tai yake, akaingia kwa mkubwa kumwombea Roda ahamishiwe kazi ya kufagia ua, au apelekwe ofisi ya jirani.

Bwana Cornelius alimsikiliza hadi mwisho, jambo ambalo Bwana Stokingi hakulifanya hata mara moja. Kisha akasema, "Bwana Phineas, mambo ya nyumbani yabaki nyumbani. Hapa ni ofisi. Wazungu waliondoka wakisema hatutaweza kutenganisha haya mawili, kwamba kila mtu atajaza ofisi shangazi zake. Mimi nitawaonyesha. Hapa ndani sina mama mkwe. Nina wafanyakazi. Kama mama wa chai ana ombi la uhamisho, lipitie kwa mkuu wake wa kazi."

"Mkuu wake wa kazi ni nani, Bwana?"

"Ni mimi," alisema Bwana Cornelius. Alisema kwa upole kabisa, akarudi kwenye faili lake. Phineas hakuwa amefika hata mezani kwake kengele ilipolia mara mbili.

Roda alisimama nje ya mlango na sinia. Alikuwa mjane, mumewe alifukiwa na kifusi kwenye mashimo ya dhahabu Selpher akiwa bado wa kubebwa mgongoni, na chai hiyo ndiyo iliyomsomesha Selpher mpaka akafaa kuolewa na mtu wa suti ya kijivu. Kuacha kazi hakuweza. Kuingia hakuweza. Alimwomba Mungu wa kanisani, na kwa kuwa hofu ilikuwa kubwa, aliwaomba pia wazee wa kwao walio chini ya udongo. Hakujua baadaye ni nani kati yao aliyejibu. Alipovuka kizingiti, alitoweka. Vilianza viatu, likafuata gauni na aproni, mwisho kilemba. Sinia likabaki hewani, usawa wa kifua, likaenda polepole mpaka mezani.

"Weka hapo," alisema Bwana Cornelius bila kuinua macho.

Sinia likatua. Maji ya moto yakamiminika kwenye birika, bila kumwagika hata tone. Roda, ambaye yeye alikuwa anaona kila kitu, alikaza macho ukutani kwa adabu, ila kabla hajageuka aliona utosi wa mkwewe, nywele zimeanza kupungua katikati. Alimwonea huruma Selpher, halafu akamwonea huruma na yeye. Kisha akatoka, na alipovuka kizingiti akarudi kuonekana, kuanzia kilemba.

Teresa, mpiga taipu aliyekaa karibu na mlango, alivuta mguu wake asikanyagwe, akaendelea kupiga taipu. Mchana, walipomaliza kubishana juu ya mpira, ofisi ilizungumzia jambo hilo kidogo. Phineas alisema heshima imejitafutia njia. Kiprop, dereva, aliyetoka upande wa Nandi, alisema hata kwao mtu na mama mkwe hupishana kwa kuingia kwenye nyasi.

"Sasa ofisi haina nyasi," alisema Kiprop huku akichokoa meno. "Mama ataingia wapi? Lazima aende mahali."

Wote wakaona ni sawa, wakarudi kazini.

Miezi ikapita hivyo. Bwana Cornelius hakuwa mtu mbaya, na hilo ndilo lililowachosha watu. Wiki yake ya kwanza alitangaza kwamba kengele ni kitu cha mkoloni, kwamba yeye atawaita watu kwa majina yao. Aliita kwa siku chache, lakini sauti yake ya upole haikufika popote, na mkono wake ukarudi kwenye kengele. Alisema wote ni ndugu katika kujenga taifa, na kwamba ndugu aliye na malalamiko ayapeleke kupitia ngazi. Malalamiko yalipanda ngazi vizuri sana. Hakuna aliyewahi kuyaona yakishuka.

Kwa hiyo watu walilalamika jikoni. Phineas alilalamika kwamba kiti cha msaidizi wa mkubwa, aliyestaafu, kimewekewa kitambaa kisikaliwe na mtu. Teresa alilalamika kwamba anachapa barua moja mpaka karatasi inatoboka, kwa sababu ya koma. Kiprop alilalamika kwamba mkubwa huketi nyuma ya gari na kumtazama kisogo safari nzima mpaka Lugari, kama vile Mzungu alivyomtazama, ila Mzungu alikuwa anapigapiga mluzi. Roda aliwamiminia chai na kuwasikiliza. Mwenyewe hakulalamika. Alikuwa akimngoja mtu alete blanketi, na mtu anayengoja huona haya kuonekana anangoja.

Mvua kubwa zilipoanza, kurudi kwake kukawa kunachelewa. Mwanzo alionekana mara tu alipovuka kizingiti. Kisha akalazimika kufika mezani kwa Teresa, kisha mwisho wa ukumbi, kisha jikoni. Kabla ya msimu wa mahindi mabichi, Roda alikuwa akionekana tena pale tu alipofika nyumbani kwake Shieywe na kufunga mlango. Mvua ya Kakamega haikujali hilo, ilimlowesha njia nzima kama mtu mwingine yeyote, na wapita njia walizoea kuona umbo la maji likitembea kando ya barabara saa kumi na moja, wakalisalimu.

"Mulembe, Mama Selpher."

"Mulembe," maji yalijibu.

Kulikuwa na faida yake. Hakuna aliyemfungua kikapu tena. Siku moja, bila kusudi, Roda alijikuta anamkumbuka Bwana Stokingi, na alikasirika sana kwa kumkumbuka. Yule alikuwa mtu wa dharau, alimdhania mwizi miaka yote ile. Lakini kila jioni alimtazama usoni. Roda alitema mate kwenye majivu, akaosha vikombe kwa nguvu mpaka kimoja kikakatika mkono.

Sikukuu ya Jamhuri ilipofika, akaitwa mpiga picha Mhindi aje apige picha ya ofisi nzima. Walipangwa mbele ya ngazi, Bwana Cornelius katikati kwenye kiti, wengine nyuma yake. Mpiga picha aliingiza kichwa kwenye kitambaa cheusi, akakitoa tena.

"Pale kuna nafasi," alisema, akionyesha kati ya Phineas na Teresa.

"Mbona mmeacha pengo?" aliuliza Bwana Cornelius, akigeuka. "Sogeeni. Picha hii inakwenda makao makuu."

Phineas alitazama pengo, akatazama viatu vyake. Alitaka kusema. Alikuwa na maneno tayari mdomoni, na pia alikuwa na kile kiti kilichowekewa kitambaa, ambacho bado alitumaini kukikalia. Alisogea. Teresa naye akasogea. Walimkanyaga Roda kila mmoja mguu wake, na picha ikatoka nzuri sana, watu wote wameshikamana.

"Pole, Mama," Phineas alinong'ona baadaye jikoni, akiongea na mahali ambapo moshi ulikuwa unagawanyika.

"Si kitu," alisema Roda. "Mguu uko." Lakini ilikuwa kitu, na Phineas alijua, akanywa chai yake akiwa amesimama.

Selpher alijifungua mtoto wa kike katika hospitali ya misheni ya Mukumu, wakamwita Navalayo. Roda alipata habari kutoka kwa Kiprop, aliyekuwa amempeleka mkubwa huko asubuhi. Hakuomba ruhusa, kwa sababu wa kumwomba ndiye aliyekuwa huko. Alizima moto, akashika njia. Wodini alikuta wageni wamejaa, akapita katikati yao taratibu mpaka ukutani, karibu na kitanda, akasimama hapo.

Bwana Cornelius alikuwa na joto, na furaha. Alivua koti lake, akalitafutia mahali pa kulitundika. Mkono wake ukanyooka ukutani bila yeye kutazama, akalitundika kwenye mkono wa mama mkwe wake. Koti likakaa vizuri. Kisha akambeba mwanawe, na uso wake ukawa uso wa kijana mdogo kabisa, macho yamemjaa machozi, na Roda alimpenda wakati huo, hilo lazima lisemwe. Alitamani tu asogee kidogo ili na yeye amwone mtoto masikio.

Selpher aliinua kichwa kwenye mto, akaona koti limening'inia mahali pasipo na msumari. Akajua mama yake amekuja. Alianza kulia kimya kimya. Mumewe alidhani ni uchungu wa uzazi, akamfuta machozi kwa leso yake safi, akachukua koti, akaondoka kwenda kwenye mkutano.

Jioni ile Selpher aliposema naye, Bwana Cornelius alikubali kila neno. Hakuwa mtu wa kubishana na mila. "Blanketi ni haki yake," alisema. "Nitapanga." Na alipanga kweli. Alipanga Jumamosi moja, ikaingiliwa na mgeni kutoka Nairobi. Akapanga nyingine, pampu ikaharibika Mumias. Selpher alinyonyesha, akangoja. Nyumba yao ilikuwa kule juu walikokuwa wakikaa Wazungu, yenye ua wa michongoma iliyokatwa sawasawa, na Roda akitoka kazini alizunguka njia ili apite nyuma ya ua huo. Alisimama hapo mpaka amsikie mtoto akilia au akicheka. Akisikia, alikwenda nyumbani na kusonga obusuma wake. Asiposikia, hakuwa na hamu ya kula.

Siku moja aliamua kusema mwenyewe. Aliweka sinia, akamimina maji, akabaki amesimama. Akakohoa kwanza.

"Funga dirisha," alisema Bwana Cornelius kwa hewa, akisoma. "Vumbi linaingia."

Roda akafunga dirisha. Jikoni aliketi kwenye gogo la kuni akalia kwa sauti, na hakuna aliyeingia, kwa sababu waliona wazi kwamba jikoni hakuna mtu.

Blanketi lilikuja mwishoni mwa mwaka uliofuata. Selpher alikuwa ameacha kusema na mumewe mezani, na Bwana Cornelius, ambaye hakupenda ugomvi, alipita mjini kwenye duka la Mhindi akachagua blanketi jekundu la sufu, zito, lenye milia myeusi pembeni, bora kuliko yote yaliyokuwa dukani. Alilipeleka ofisini likiwa limefungwa kwa kamba ya katani. Siku hiyo alikuwa na wageni watatu nje, na simu, na taarifa ya mwaka. Aliliangalia blanketi. Aliangalia saa. Kisha akabonyeza kengele mara mbili.

Sinia likaingia.

"Weka hapo," alisema. Sinia lilipotua, akalisukuma blanketi mbele. "Na wewe wa chai, nina kazi nataka unisaidie. Kuna mama mmoja anakaa Shieywe, ni mama wa mke wangu. Mpelekee hili. Nyumba yake siijui vizuri, nafikiri ni karibu na kanisa."

"Si karibu na kanisa, Bwana," ilisema sauti. "Lakini nitafika."

"Vizuri. Mwambie ningekuja mwenyewe, ila nimebanwa na kazi. Mwambie namheshimu sana. Umesikia? Sana."

"Nitamwambia, Bwana."

Bwana Cornelius alishukuru. Alisema "asante" wazi kabisa, akiwa ameinua macho, akitazama mahali palipokuwa na sauti. Tangu aje ofisini ilikuwa mara ya kwanza. Kisha simu ikalia.

Roda alilibeba blanketi kifuani hadi Shieywe, na waliokuwa barabarani walipisha njia. Nyumbani alifunga mlango, lakini siku hiyo hakurudi kuonekana. Alitazama mahali mikono yake ilipopaswa kuwa, akangoja kidogo, akaona chai ya mtu mmoja haina haja ya mikono inayoonekana. Aliketi. Kwa kuwa alikuwa ametumwa, na hakuwahi kutumwa akakosa kufikisha, alijiambia kama alivyoagizwa: mkwe wako anakusalimu, angekuja mwenyewe ila amebanwa na kazi, na anakuheshimu sana. Akajijibu kwamba amesikia, na akajikaribisha chai.

Kesho yake alimwita Onesmus, mdogo wa marehemu mumewe, aliyebaki kuwa mzee wa boma. Onesmus aliligeuzageuza blanketi, akavuta uzi mmoja, akaliona ni la kweli.

"Shemeji, mimi naona iko sawa," alisema. "Hii blanketi imetoka kwa mkono yake, imefika kwa mabega yako. Huko katikati nani ameibeba, hiyo sisi hatuulizangi."

"Alitakiwa anifunike yeye."

"Alitakiwa," alikubali Onesmus. Alilikunjua blanketi, akapapasa hewani mpaka akapata mabega, akamfunika. Blanketi lilikaa wima katikati ya chumba. "Basi mwiko umeisha. Jumapili enda uone mtoto."

Jumapili baada ya misa, blanketi jekundu lilipanda barabara ya nyumba za juu, na kuku mmoja wa rangi ya kutu akiwa ameshikwa miguu, kichwa chini, kando yake. Selpher alikuwa mlangoni tangu asubuhi. Alilikumbatia blanketi na kuku pamoja, kuku akapiga kelele, na wote wawili, mama na binti, wakacheka na kulia kwa pamoja. Roda akavuka kizingiti cha nyumba ya mkwe wake. Hakutetemeka. Sebule ilinukia nta ya sakafu. Juu ya kabati, kwenye fremu, ilikuwepo ile picha ya ofisi.

Akaketi kwenye kiti cha mikono. Selpher akamletea Navalayo, akamweka ndani ya blanketi.

Mtoto alitazama juu, mahali ambapo uso ungekuwa, akatulia. Kisha akanyoosha mkono, akashika kitu. Pale aliposhika, kidole kikaonekana. Kilikuwa kidole cha shahada cha Roda, chenye kovu la birika. Kikafuata kiganja, kikafuata mkono mpaka kwenye kiwiko, mweusi, wenye mishipa, wenye majivu kwenye kucha yasiyotoka kwa sabuni. Selpher alipiga magoti akaushika mkono huo akauweka shavuni. Hakuwa ameuona tangu siku ya harusi.

"Mkubwa ameniambia ananiheshimu sana," alisema Roda.

"Amekuambia yeye mwenyewe?"

"Amenituma nijiambie."

Selpher alifungua mdomo, na hapo Bwana Cornelius akaingia kutoka chumba cha kazi, miwani mkononi na faili kwapani, kwani taarifa ya mwaka ilikuwa bado haijaisha. Aliona blanketi limeketi kwenye kiti chake kizuri. Uso wake ukachangamka kwa furaha ya kweli. Aliinama kwa heshima kama kijana aliyelelewa vizuri.

"Mama, karibu sana. Karibu nyumbani. Nimefurahi blanketi limekufika."

"Limenifika, mwanangu," alisema Roda, na ndiyo mara ya kwanza alikuwa amemwita hivyo.

Bwana Cornelius aliketi upande wa pili, akauliza habari za Shieywe, akauliza mahindi yalivyo. Roda alimjibu. Mkono wake wa pili ulikuwa umeanza kuonekana chini ya mgongo wa mtoto, na shingoni, pale blanketi lilipokutana, kulikuwa na weusi wa ngozi unaokuja. Bwana Cornelius aliitikia kila jibu. Kisha jicho lake likaangukia kwenye faili, ambako palikuwa na tarakimu isiyokubaliana na nyingine, akavaa miwani, na huku akiwaza, bila nia yoyote mbaya, kiganja chake kikagonga meza mara mbili.

Miguu ya Roda ilikuwa imeshasimama kabla yeye mwenyewe hajajua. Alijaribu kuiambia iketi. Ilikuwa imesikia mlio huo miaka mingi kuliko ilivyomsikia yeye. Alimrudishia Selpher mtoto, na mkono ukatoweka ndani ya kiganja kidogo kilichokuwa kimeushika, kikabaki kimefumba hewa. Blanketi alilivua akaliacha kwenye kiti, kwa kuwa mtu habebi chai na blanketi mabegani. Likabaki limeketi palepale, wima, limejikunja shingoni vizuri.

Jikoni maji yakachemka. Maziwa yakaingia kwenye kijagi, sukari kwenye bakuli. Sinia likatokea mlangoni, likavuka sebule, usawa wa kifua.

"Weka hapo," alisema Bwana Cornelius.

"Cornelius," alisema Selpher. Mtoto alikuwa ameanza kulia mikononi mwake. "Huyo ni mama."

"Najua ni mama," alisema Bwana Cornelius kwa upole, akishangaa kidogo kwamba anaelezwa jambo lililo wazi. Alielekeza kiganja kwa heshima upande wa kile kiti, ambako blanketi jekundu lilikuwa limeketi. "Si tunazungumza naye? Mama, karibu chai."

Kijagi kikainuka, maziwa yakaingia kwenye kikombe cha kwanza, kikawekwa mbele ya Bwana Cornelius. Kikombe cha pili kikawekwa mbele ya blanketi, maana ndivyo mgeni anavyopewa. Kisha Roda akarudi nyuma mpaka mlangoni, akasimama hapo na sinia tupu, akingoja vikombe.